Mtoto Aliyepokea kwa Mikono Miwili

Mugoma, Ngara
Jumanne

Kwa Mama yangu mzazi, Nyantakara,

Shikamoo Mama. Nimeiandika shikamoo juu kabisa, kabla ya kitu chochote, kwa sababu adabu ulinifundisha wewe na sitaki uje useme nimeitupa. Lakini nakuambia mapema, adabu yangu ya leo imeishia kwenye mstari huu. Huko chini nimekasirika.

Hujambo lakini? Goti lako je, bado linavimba ukitoka shamba? Ile mihogo ya bondeni mmeiwahi au nguruwe pori wamewatangulia? Huku mvua ni kila siku, udongo mwekundu umeingia mpaka kwenye shuka. Mimi ni mzima wa mwili. Nayauliza haya kwa moyo wote, Mama, siyo maneno ya kujaza karatasi. Mtu anaweza kukasirika na bado akataka kujua habari za goti.

Na wewe Kaka Filbert, najua ndiye unayesoma. Umekaa kwenye kigoda chako mlangoni, na Mama ameshika kidevu anasikiliza. Soma yote. Usiruke. Nakujua mimi. Barua ya Baba Mdogo uliiruka katikati, pale alipokusema juu ya mipaka ya shamba, tukaja kuyajua kwenye msiba. Safari hii nimeandika mara mbili, na nakala ya pili anayo Katekista Yohana anayewaletea hii. Alikuja huku kwenye semina, anarudi kesho na gari la parokia. Nimemwambia keshokutwa apite kwa Mama amwulize kama ameisikia habari ya mikono. Kama hajaisikia, atamsomea yeye. Kwa hiyo chagua.

Koleta asiwe karibu wakati wa kusoma. Mtumeni kwa Wifi Oliva akachague maharage.

Barua yenu niliipata wiki iliyopita. Kaka, uliandika hivi, na mimi nayarudisha maneno yako kama yalivyo maana nimeyasoma mpaka karatasi imekatika kwenye mkunjo: "Koleta wako sasa amekuwa mtoto. Zile kelele zake nimezimaliza. Akiitwa anakuja mbio na kupiga magoti. Akipewa kitu anapokea kwa mikono miwili, macho chini. Hata kulia ameacha. Juzi mchi ulimwangukia mguuni, ukucha ukatoka, hakutoa sauti. Mama amefurahi sana. Angebaki na wewe angekuwa kama hao watoto wa kambini unaowapangusa makamasi. Acha hiyo kazi ya wakimbizi urudi ulime."

Ukucha ukatoka, hakutoa sauti. Mama amefurahi sana.

Mtoto wa miaka mitano, Kaka! Yule niliyemwacha anaimba mpaka chooni. Yule aliyekuwa akimfukuza jogoo wa Baba Mdogo huku anamtukana kwa matusi aliyoyatunga mwenyewe. Nimemwacha kwenu mvua zilipoanza, nimekaa huku miezi mitatu tu, na nyinyi mmenimalizia.

Mnajua kinachoniuma zaidi? Kama barua hii ingenifikia mwezi mmoja kabla, ningefurahi na mimi. Ningeisoma kwa sauti mbele ya wenzangu, nikajisifu kwamba nina mtoto mwenye adabu. Ndiyo maana lazima niwasimulie kilichotokea huku, hata kama Kaka umeshaanza kuguna.

Kazi yenyewe mnaisema msiyoijua. Shirika lilitangaza linatafuta watu wa kufundishwa jinsi ya kuwasaidia watoto walioumizwa, na wale wanaowalea. Mimi na darasa langu la saba sikutegemea. Walinichukua kwa sababu ya Kirundi, Mama, Kirundi chako ulichotunyonyesha nacho. Tuko kumi na wawili, nusu raia nusu wakimbizi. Tunasomea kambini chini ya banda la turubai, na watoto wanakuja hapohapo, asubuhi darasa, baada ya hapo vitendo. Ijumaa hii ndiyo mtihani wa mwisho.

Siku ya kwanza nilipoingia, kulikuwa na mzee mmoja wa Kirundi, Salvatori, huko kwao alikuwa mwalimu mkuu. Akanitazama toka miguuni mpaka kwenye kitambaa cha kichwa.

"Na huyu dada ni mwanafunzi, au ameleta chai?"

Wakacheka wote.

"Nimeleta masikio, Mwalimu," nikamwambia. "Chai utajichemshia."

Hakunisemesha wiki nzima. Wakina mama wa kambini nao walininunia, wakasema raia kaja kuchungulia tunakula nini. Nikirudi hapa Mugoma nilikopanga, mama mwenye nyumba, Mama Leonida, ananingoja na ndoo yake ameishika kifuani. "Nawa kwanza nje! Wamekata miti yangu yote mpaka mparachichi, mbuzi wamechukua, na wewe kutwa uko huko unawabembeleza. Siku watakayorudishwa kwao watakupakia na wewe kwenye lori." Basi ndiyo maisha yangu. Mchana natukanwa kwa Kirundi, jioni natukanwa kwa Kihangaza cha wenyeji wa huku, halafu inakuja barua yenu kunitukana kwa Kiswahili.

Lakini tulisoma. Mwalimu wetu ni mama mmoja Mhaya, Gaudensia, mtu mfupi mwenye sauti ya chini mpaka lazima unyamaze ndipo umsikie. Alitufundisha usimsimamie mtoto, kaa chini, goti lako liguse udongo kama lake. Usimwulize nani alikufanya nini. Tukasokota wanasesere wa majani makavu ya migomba, baba na mama na watoto, tukawaachia wacheze nyumba, na sisi tukae kando tuangalie yule mwanasesere baba anafanywa nini. Mtoto mmoja alikuwa kila siku anawalaza wote chini kwa mstari na kuwafunika na majani, halafu anakwenda kula uji wake. Siku ya kwanza nilikwenda kulilia nyuma ya choo. Kufika siku ya kumi nilikaa naye nikamsaidia kuokota majani.

Sasa hapo ndipo alipokuwepo yule msichana. Jina lake silitaji, tumekatazwa kuandika majina ya watoto kwenye barua. Mimi nitamwita wa Ndoo. Alikuwa kama wa miaka minane. Wazazi wake hawapo. Kuna mama mmoja alimwokota njiani wakati wa kukimbia, akaingia naye kambini, wanaishi pamoja.

Huyu mtoto alikuwa wa kwanza kufika kila asubuhi. Sisi tukifika banda limeshafagiwa, ndoo imeshajazwa maji. Wenzake wakisukumana kwenye uji kama mbuzi kwenye pumba, yeye anasubiri mwisho, anapiga magoti, ananyoosha mikono miwili, macho chini, anasema asante kabla hata kikombe hakijafika. Sisi tulimpenda jamani! Tukamwonyesha kwa wengine. Mwangalieni mwenzenu. Nilimpa kipande cha sabuni yangu mwenyewe.

Na kulikuwa na mtoto mwingine wa kiume, huyo alikuwa anauma. Anarusha mawe, anamng'ata mtu mkono kwa sababu ya mpira wa makaratasi. Huyo tulimchoka wote.

Kila baada ya muda tulikuwa tunaandika kwenye daftari habari za kila mtoto, sehemu tatu. Ametulia. Bado. Apelekwe kwa daktari. Aliyeandikwa Ametulia anampisha mwingine, maana banda ni dogo na nje kuna mstari wa watoto wanaosubiri. Wiki hiyo Mwalimu Gaudensia alikuwa ameitwa kambi nyingine. Akatuachia daftari, akasema tujaribu wenyewe. Tukakaa kama wazee wa baraza. Yule wa kuuma tukamwandika kwa daktari bila kubishana. Tukafika kwa wa Ndoo.

"Huyu amelelewa," akasema Salvatori. "Huyu wazazi wake walikuwa watu."

Hakuna aliyepinga, raia wala mkimbizi. Ilikuwa mara ya kwanza sisi kumi na wawili kukubaliana jambo. Na kalamu ilikuwa mkononi mwangu, Mama. Nilimwandika mimi. Ametulia. Kwa mwandiko wangu mzuri.

Tukamwita kumwambia zamu yake imekwisha, kesho asije. Alipiga magoti, akasema asante.

Mwalimu Gaudensia alirudi baada ya siku kumi. Akasoma daftari akiwa amesimama. Kwa yule wa kuuma akatabasamu, akasema huyu bado anadai chake, mleteni hapa, huyu atapona. Kisha akafika kwa wa Ndoo, akakaa.

"Nani aliwahi kumsikia anakataa kitu?"

Tukageuka kumtazama Salvatori.

"Nani aliwahi kumsikia anagombana?"

"Mwalimu," Salvatori akasema, "ni mtoto mwenye adabu."

"Sijauliza adabu, Salvatori. Nani aliwahi kumsikia anacheka?"

Miezi miwili, watu wazima kumi na wawili, na hakuna aliyeijua sauti yake zaidi ya asante. Mwalimu akafunga daftari. Hakutugombeza. Akasema twende kwao sasa hivi, akavaa buti, tukamfuata kwenye matope kama vifaranga.

Hatukumkuta. Jirani alituambia yuko zahanati, siku ya pili.

Sikiliza Mama. Kaka, hapa soma polepole.

Jana yake uji ulikuwa umeungua. Yule mama alikasirika. Akaliepua sufuria kwenye mafiga kwa vitambaa, lina moto, linachemka, akamgeukia mtoto akasema, "Uji wako huu. Pokea!" Na mtoto akapokea. Mikono miwili. Macho chini. Na hakuliangusha, kwa sababu kitu ulichopewa na mkubwa hukiangushi. Alisimama nalo. Nyumba za kambini zimegawanywa na turubai tu, jirani akikohoa unamsikia, na jirani anasema hakusikia kitu. Aliyepiga kelele hatimaye ni yule mama mwenyewe. "Tupa! Tupa!" Mtoto hakutupa. Mpaka jirani alipoingia akalipiga sufuria teke.

Mimi nilimkuta kitandani. Nesi alikuwa ameifunga mikono yote miwili bandeji mpaka viwiko. Nilikuwa na kikombe cha uji wa baridi na kijiko, nikakaa nimlishe. Aliponiona nimeshika kikombe, akajikokota akakaa, akanyoosha bandeji zake zote mbili ili apokee.

Hapo ndipo ningepiga yowe mimi, Mama. Lakini nilikuwa nimefundishwa na wewe. Nilitia kiganja mdomoni mwangu mwenyewe.

Sisi ndio tuliomrudisha kule. Siyo wakubwa wa kambi, siyo vita. Mimi na wenzangu tuliolelewa kwamba mtoto mzuri ni yule asiyesikika. Aliyekuwa anazama alikuwa mbele yetu kila siku anatufagilia, na sisi tunampa sabuni.

Na kabla mwezi haujaisha ndipo ikaja barua yenu. Mchi, ukucha, hakutoa sauti, Mama amefurahi.

Kaka, umeandika "wakimbizi" mara nne kwenye karatasi moja. Nimehesabu. Nakuuliza mbele ya Mama, wewe ulifikaje Nyantakara? Ulikuja na basi? Ulikuja mgongoni mwa huyo uliyekaa naye hapo, ukiwa na surua, na haya tumesimuliwa na Baba Mdogo maana Mama hasimulii. Leo una shamba na kigoda, unasema wale, wale. Wale ni sisi. Wametangulia kufika wengine, wengine wamechelewa, ni hivyo tu.

Mama, sasa naongea na wewe.

Kuna siku waliletwa wakina mama wa kambini, wale wanaolea, wafundishwe pamoja na sisi. Mmoja akasimulia walivyovuka. Akasema walilala kwenye matete pembeni ya mto na watu wenye mapanga wanapita juu yao barabarani, na mwanawe alitaka kulia. Akatuonyesha alivyofanya. Hakusema kitu, aliinyanyua tu mikono, kiganja kimoja nyuma ya kichwa cha mtoto, kingine juu ya mdomo, vidole vimebana pua kidogo.

Mama, kiganja kile nakijua. Nilikijua kabla hajamaliza kukiweka. Hukuwahi kutupiga wewe, watu wote wanasema hivyo na ni kweli. Wewe ulikuwa na kiganja. Nikianguka, kabla sijavuta pumzi ya kulia, kimeshafika, kina harufu ya majani ya mihogo. Nikicheka sana na Kaka kitandani, kimefika. Nilipokuwa na uchungu wa kumzaa Koleta, nina miaka kumi na saba, nimekushika kiuno, ulikuwa unaniambia "nyamaza mwanangu, nyamaza, nyamaza," na nilidhani unaona haya kwa majirani.

Nimeelewa. Nililia siku ile kwa ajili yako kuliko nilivyowahi kulia kwa ajili yangu. Ulituvusha kwa kile kiganja. Kaka yuko hai kwa ajili yake.

Lakini kukuelewa hakujaniondolea hasira, na sitaki nikudanganye. Kwa sababu ulichokifanya kwa kiganja, Kaka amekichukua akakifanya kwa fimbo, na wewe umekaa hapo unafurahi. Mama, tulishafika. Tumefika zamani. Hakuna mtu barabarani. Huyo anayepita na panga hapo Nyantakara ni jirani anakwenda kukata mkungu wa ndizi, akimsikia mtoto analia atauliza kuna nini, basi. Mimi nilizaliwa mmekwisha fika, Koleta amezaliwa mmekwisha fika, na bado mnatulaza kwenye matete.

Ule mwanzi wa Kaka wa kuchapia, uliochomekwa darini, najua mahali ulipo. Utoe, uchomeke bustanini maharage yapande juu yake. Nikifika nikiukuta darini tutaonana vibaya, na sitanii. Kidole cha Koleta kioshwe na maji ya uvuguvugu yenye chumvi, asubuhi na jioni, na anayekiosha awe Mama. Na itamuuma. Akilia, mwache. Mwache alie mpaka amalize mwenyewe. Viganja vyako viweke juu ya magoti yako, avione. Asipolia usimlazimishe, kaa naye chini mpukuchue mahindi, usimwulize kitu, akidondosha punje usiseme, akimwaga ungo mzima usiseme. Najua itakuwa ngumu. Na mimi ilikuwa ngumu.

Msinielewe vibaya, sijasema mtoto asifunzwe. Magoti apige, na mikono miwili apokee, ni yetu hiyo na mimi naipenda. Lakini awe anajua kwamba cha moto kinaachiwa, hata kikitoka kwa mkubwa.

Mtataka kujua wa Ndoo yukoje. Yuko kwa bibi mmoja mjane sasa, amepona mkono wa kushoto, wa kulia bado vidole viwili vimejikunja. Yule mama aliyemchoma naye anatembelewa, ndiyo kazi inavyotaka, asiachwe, maana naye alizika watoto njiani. Anayekwenda ni Salvatori. Mimi nimeshindwa. Mwalimu Gaudensia ameniambia siku moja nitaweza, nikamjibu hiyo siku haijakaribia.

Ijumaa iliyopita wa Ndoo alikuwa amekaa bandani na mwanasesere wake. Yule wa kuuma akapita, akamnyang'anya. Akakimbia. Sisi tukasimama. Na wa Ndoo akafungua kinywa chake, akapiga kelele kwa Kirundi, "Lete! Changu! Lete hapa, mwizi wewe, meno kama panya!" Watu waliokuwa kwenye foleni ya mahindi huko mbali wakageuka. Yule wa kuuma alishtuka akakaa chini kwa matako.

Chaki ilimdondoka Mwalimu Gaudensia. Salvatori, yule wa chai, akaja taratibu mpaka nilipo, macho yake mekundu.

"Dada," akaniambia, "tumshukuru Mungu. Mtoto ameharibika."

Akachukua daftari, akakata neno langu, akaandika juu yake kwa mwandiko wake wa mwalimu mkuu: Ameanza kugombana. Tulicheka mpaka tukashikana mikono. Ndiyo siku niliyojua kazi hii nitaifanya mpaka nizeeke, waseme watakavyo Mugoma na waseme watakavyo Nyantakara.

Sasa la mwisho. Jumamosi nakuja. Ningekuja leo, lakini gari la parokia limejaa bati mpaka madirishani na Katekista mwenyewe atakaa juu ya bati. Mabasi hayaendi bila polisi kwa ajili ya majambazi wa porini, na msafara unaondoka Jumamosi asubuhi, nimeshaandikisha jina. Nitalala Biharamulo ikibidi. Simwombi mtu ruhusa, ni mwanangu. Nakuja kumchukua Koleta akae na mimi huku.

Mama Leonida nimeshamwambia. Akaning'akia, "Mwingine tena? Anapiga kelele huyo?"

"Namwomba Mungu apige," nikasema.

Akaguna kama Kaka. Baadaye akaja mlangoni. "Maharage anakula?" Nikasema anakula. Akatupa ndani mkeka mdogo uliokunjwa, akaenda zake bila kunitazama.

Nilimwambia Mwalimu Gaudensia nataka nifike nyumbani nimvunje Kaka ule mwanzi kichwani. Akasema, "Mbele ya mtoto?" Nikaketi. Akasema hasira ni yako, una haki nayo, lakini usiingie nayo kwenye nyumba aliyomo. Tafuta mahali pa kuiweka. Nikafikiri siku mbili, nikakosa mahali, mpaka nikaona karatasi. Kwa hiyo hii mliyoisikia ndiyo hasira yangu. Nimewatangulizia ifike kabla yangu, muipokee nyinyi, mikono miwili. Jumamosi nitaingia sina kitu, nimebeba sabuni na mkate.

Kaka, nitakuamkia kama kawaida na utaniitikia. Wewe ni kaka yangu. Ulikuwa na surua mgongoni na ulizibwa mdomo kabla hujajua kusema, na hakuna aliyewahi kukwambia pole. Pole, Kaka. Nimeandika hilo na kalamu yangu imekataa kidogo, lakini nimeliandika.

Msalimieni Wifi Oliva, mke wa Kaka, Katekista ameniambia ndiye aliyempa Koleta uji siku mlizomnyima chakula, na nitamletea kitenge nikipata. Msalimieni Baba Mdogo, mdogo wake marehemu Baba, mwambieni jogoo wake ajiandae. Msalimieni mama yake Katekista, jirani yetu wa kisimani, na yule bibi mkunga aliyenizalisha, mwambieni samahani kwa kumng'ata bega, nilikuwa nimekatazwa kulia.

Ni mimi mwanao, bado nakuogopa na bado nakupenda,

Editha, Mama Koleta

Mama, kidole mkioshe kuanzia leo. Na Jumamosi nikishuka pale kwenye njia panda nitatembea polepole. Nataka nimsikie kabla sijamwona.